Kompyuta Isome Eksirei, Lakini Ipimwe Kwanza kwa Vifua Vyetu

Msomaji, ukienda kupigwa picha ya kifua katika hospitali ya kaunti, kazi ya kupiga picha yenyewe haichukui muda. Unaambiwa uvue shati, usimame wima, uvute pumzi na kuizuia, basi umemaliza. Kinachochelewa ni kusomwa kwa picha hiyo. Wataalamu wa eksirei, yaani wale madaktari waliosomea miaka mingi kutambua ugonjwa katika vivuli vyeusi na vyeupe, ni wachache mno humu nchini, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Aliye mbali na miji hiyo husomewa picha yake na afisa wa kliniki ambaye ana foleni ya wagonjwa mlangoni, au hutiliwa picha katika bahasha na kuambiwa arudi wiki ijayo.

Pengo hilo ndilo ambalo kompyuta imekuja kuziba. (Walimu wetu wa Kiswahili wangependa niseme tarakilishi, nami sina ugomvi nao, lakini hospitalini husikii neno hilo.) Kuna programu ambazo sasa husoma picha ya kifua kwa muda usiozidi dakika moja na kusema kama inaonekana ina dalili za kifua kikuu. Mashine ndogo za eksirei za kubebeka, zinazoweza kupelekwa sokoni au gerezani, huambatana na programu za aina hii, na mpango wa kupambana na kifua kikuu humu nchini umeanza kuzitumia.

Maoni yangu nitayasema mapema. Naunga mkono kompyuta isome picha zetu. Atakayekataa ni lazima atuambie nani mwingine atazisoma, na lini. Lakini kaunti yoyote isinunue programu ya kusoma vifua vya watu wake kabla programu hiyo haijapimwa kwa vifua hivyo hivyo. Cheti kutoka ng'ambo hakitoshi, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza tuelewe kompyuta husoma vipi. Tangu Wilhelm Röntgen wa Ujerumani agundue miale ya eksirei mwaka wa 1895, picha hizo zimesomwa kwa macho. Siku hizi picha nyingi haziko tena kwenye filamu, ziko ndani ya kompyuta, na kwa kompyuta picha ni nambari tu. Kila nukta ndogo ina nambari yake inayoonyesha weupe au weusi wa mahali hapo. Kompyuta haifundishwi kama mwanafunzi wa udaktari, kwamba huu ni moyo, hizi ni mbavu, na kivuli hiki hapa juu si cha kawaida. Inapewa maelfu ya picha, kila moja na jibu lake: huyu alikuwa mgonjwa, huyu hakuwa. Inakisia, inaambiwa imekosea, inarekebisha hesabu zake kidogo, inakisia tena. Baada ya kurudia hivyo mara nyingi sana, inaanza kupatia. Hiyo ndiyo wataalamu wanaiita mashine kujifunza, na ndiyo mojawapo ya mambo yaliyo chini ya jina kubwa la akili bandia.

Angalia basi jambo hili: kompyuta inajua kile tu ilichoonyeshwa. Mwaka wa 2017 taasisi za kitaifa za afya za Marekani zilitoa hadharani picha 112,120 za vifua vya wagonjwa 30,805, na watafiti wa kila pembe ya dunia wakazitumia kufundishia programu zao. Ulikuwa ukarimu mkubwa. Lakini majibu yaliyoandamana na picha hizo hayakuandikwa na madaktari waliokaa kuzitazama upya. Yalichotwa na programu nyingine kutoka ripoti za zamani za hospitali. Aidha, vifua vyenyewe vilikuwa vya wagonjwa wa huko, na mashine zilizovipiga picha zilikuwa za huko.

Matokeo ya jambo hili yalionekana upesi. Mwaka wa 2018 watafiti wa New York walifundisha kompyuta kutambua nimonia, kisha wakaijaribu kwa picha kutoka hospitali nyingine. Mara nyingi ilifanya vibaya kuliko ilivyofanya nyumbani. Walipochunguza sababu waligundua kwamba kompyuta hiyo ilikuwa na uwezo wa kutambua picha imetoka hospitali gani, kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 99. Alama ya chuma ambayo mpiga picha huweka kando ya mgonjwa kuonyesha kulia na kushoto ilikuwa miongoni mwa vilivyoisaidia. Kwa kuwa hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi mno wa nimonia kuliko nyingine, kujua jina la hospitali kulikuwa nusu ya jibu. Ni kama mwanafunzi anayepita mtihani kwa kuujua mwandiko wa mwalimu aliyeutunga.

Mfano mwingine ni wa hewa inayovuja na kunaswa kati ya pafu na ubavu, hali inayoweza kuua kwa muda mfupi. Daktari mmoja wa eksirei wa Australia, Luke Oakden-Rayner, alizipitia picha za aina hiyo katika mkusanyiko ule wa Marekani na kukuta kwamba nyingi zilikuwa za wagonjwa ambao tayari walikuwa wametiwa mpira wa kutolea hewa. Kompyuta iliyofunzwa kwa picha hizo hujifunza kuutambua mpira. Mgonjwa ambaye ameshatibiwa inampata vizuri; yule aliyefika sasa hivi akitweta, bila mpira wowote, ndiye anayeweza kumpita.

Na wakati wa Covid-19 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kila mtu mwenye kompyuta alidai ameunda programu ya kutambua ugonjwa huo katika picha za kifua. Kundi la watafiti lililoongozwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, lilichambua kwa kina kazi 62 za namna hiyo na mwaka wa 2021 likatangaza kwamba hakuna hata moja iliyofaa kutumiwa kwa wagonjwa. Baadhi zilitumia picha za watu wazima wenye Covid na kuzilinganisha na picha za watoto wadogo wasio nayo. Programu zilijifunza kutofautisha mtoto na mtu mzima. Hilo hata nyanya yangu angeliweza bila umeme.

Yamkini utaniuliza: ikiwa mambo ni haya, mbona naunga mkono? Kwa sababu ya kifua kikuu, msomaji. Utafiti wa kitaifa uliofanywa humu nchini mwaka wa 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100,000, watu 558 walikuwa na kifua kikuu kilichothibitishwa kwa vipimo. Baadhi yao hawakuwa na zile dalili tunazoulizwa hospitalini: umekohoa wiki mbili, unatokwa na jasho usiku, umekonda? Walikuwa wakienda kazini, wakipanda matatu na kulala chumba kimoja na watoto wao. Picha ya kifua ndiyo iliyowafichua. Ukingoja mpaka mtu akohoe damu ndipo umpige picha, umeshachelewa kwake na kwa jirani zake. Lakini ukitaka kuwapiga picha watu wengi namna hiyo, ni lazima uwe na wa kuzisoma, nasi hatuna.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza mwaka wa 2021 kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumiwa badala ya binadamu kusoma picha za kifua katika kutafuta kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti uliofanywa mjini Dhaka, Bangladesh, kwa watu wapatao 24,000. Programu tano kutoka kampuni mbalimbali zililinganishwa na madaktari watatu wa eksirei wa huko huko, na zote tano zikawashinda. Zilionyesha kwamba idadi ya watu wanaohitaji kupimwa makohozi kwa mashine ya gharama kubwa ingepunguzwa kwa nusu, na bado zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wapatikane. Bangladesh si nchi tajiri, na mapafu ya maskini wa Dhaka yanafanana na yetu kuliko ya New York. Utafiti huo naupa uzito.

Hata hivyo ulionyesha pia kwamba programu hizo zilikuwa dhaifu zaidi kwa wazee na kwa waliowahi kuugua kifua kikuu zamani. Mtu aliyepona huachiwa makovu kwenye pafu, na kovu huweza kuonekana kama ugonjwa mpya. Katika nchi yetu watu wa aina hiyo ni wengi. Wapo pia akina mama waliopika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha tangu usichana wao, na vijana wa machimbo ya mawe ambao mapafu yao yamejaa vumbi. Na kuna jambo ambalo ni kinyume cha haya: mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuwa na kifua kikuu huku picha yake ikikaribia kuwa safi. Kompyuta ikisema "hakuna kitu" kwa mtu huyo, inasema kweli kuhusu picha na kumdanganya mgonjwa.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa maana hapa ndipo wengi hupotea, hata wakubwa wanaotia sahihi mikataba. Programu haisemi ndiyo au la. Inatoa alama, mathalani kutoka 0 hadi 100, na ni binadamu anayeamua kwamba kuanzia alama fulani mtu apelekwe kupimwa makohozi. Tuseme tumewapiga picha watu wazima 1,000 kijijini. Tukifuata hesabu za utafiti wa 2016, kati yao watano au sita wana kifua kikuu. Tuseme tena programu inapata wagonjwa 90 katika kila 100, na inawaachilia wazima 70 katika kila 100, viwango ambavyo WHO ilivitaja kuwa vya chini kabisa kwa kipimo cha kuchuja. Programu hiyo itawakamata wagonjwa watano. Lakini itawakamata pia watu karibu 300 ambao ni wazima kabisa.

Usishtuke. Mchujo ndivyo ulivyo, na wale 300 wakipimwa makohozi watajulikana kuwa salama. Lakini je, hospitali ina vifaa vya kupima makohozi ya watu 305? Kama haina, watu 300 watarudi nyumbani wakijua "kompyuta imewakuta na TB", na sote tunajua mtu wa namna hiyo hupokewaje na majirani. Au afisa atachoka na kuwapa wote dawa za miezi sita. Au atapandisha ile alama ili foleni ipungue, na mgonjwa mmoja au wawili kati ya wale watano wataambiwa hawana kitu. Hakuna kati ya mambo haya ambalo muuzaji wa programu atalieleza katika onyesho lake hotelini. WHO yenyewe inashauri kila nchi ijiwekee alama yake kulingana na watu wake na uwezo wake wa kupima. Ushauri huo una maana kwamba lazima mtu fulani hapa afanye kazi ya kupima, na kazi hiyo iwe na fungu lake la fedha.

Kuna Mkenya mwenzetu ambaye maneno yake katika jambo hili yanastahili kusikika zaidi nyumbani. Dkt Judy Gichoya alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na sasa ni daktari wa eksirei katika Chuo Kikuu cha Emory, Marekani. Mwaka wa 2022 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliowashangaza wengi. Kompyuta ikipewa picha ya eksirei peke yake inaweza kutambua kama mwenye picha ni mtu mweusi, mzungu au Mwasia. Daktari hawezi kufanya hivyo, na watafiti hawakuweza kueleza kompyuta inaona nini. Hata picha ilipofifishwa mpaka jicho la binadamu halikuona kitu cha maana, kompyuta iliendelea kupatia.

Kwa nini jambo hilo litujali? Kwa sababu kitu ambacho kompyuta inakiona inaweza kukitumia kimya kimya. Utafiti mwingine, wa mwaka wa 2021, ulionyesha kwamba programu zilizofunzwa kwa picha za Marekani ziliwaambia watu weusi, wanawake na maskini kwamba hawana ugonjwa, ilhali wanao, mara nyingi kuliko wengine. Hao ndio walio wengi katika foleni zetu. Kosa la kumwambia mzima kwamba ni mgonjwa hurekebishwa na kipimo kinachofuata. Kosa la kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima halina kipimo kinachofuata. Anachukua shati lake na kwenda zake.

Wako wanaosema kompyuta itawaondoa madaktari kabisa. Mwaka wa 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa mabingwa wa elimu hii ambaye alitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka wa 2024, alishauri watu waache kufunza wataalamu wa eksirei, kwani katika miaka mitano au kumi kompyuta ingewapita. Hospitali za Marekani bado zinawatafuta wataalamu hao na hazipati wa kutosha. Sitaki kumcheka mzee wa watu. Ninachoogopa ni afisa wa fedha katika kaunti fulani kusikia utabiri kama huo na kuona kwamba amepata sababu ya kutomlipia daktari karo ya kusomea eksirei.

Waswidi walifanya vingine. Huko kwa kawaida picha za matiti zilikuwa zikisomwa na madaktari wawili. Katika jaribio la zaidi ya wanawake 80,000, ambalo matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka wa 2023, nusu ya picha zilipitia kwanza kwenye kompyuta, nayo ikaamua zipi zisomwe na daktari mmoja na zipi wawili. Saratani zilizopatikana hazikupungua. Ziliongezeka kidogo, kutoka tano hadi sita katika kila wanawake 1,000. Kazi ya kusoma ilipungua kwa asilimia 44. Daktari alibaki pale pale, na programu ilipimwa kwa wanawake wa Uswidi kabla ya kuaminiwa kwa wanawake wa Uswidi. Nasi ndivyo tunavyotakiwa kufanya.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwaka wa 2015 serikali ilikodisha mitambo ya hospitali kwa mabilioni ya pesa, ikiwemo ya eksirei, na kuipeleka katika hospitali 98 mwanzoni. Baadhi ya wagonjwa walinufaika, na hilo lisikanwe. Lakini Seneti ilipouchunguza mradi huo miaka iliyofuata, ilisikia habari za mitambo iliyokaa bila kufanya kazi kwa kukosa umeme, chumba au mtu wa kuiendesha. Kaunti nyingine hazikuwa zimeulizwa kama ziliihitaji. Programu ya kompyuta ni rahisi zaidi kuinunua vibaya, maana haichukui hata nafasi ya kuonekana ikiota vumbi. Nyingine hulipiwa kwa kila picha inayosomwa, nazo hubadilishwa na kampuni kila baada ya muda, na alama iliyokuwa 60 jana yaweza kumaanisha kitu kingine kesho.

Kupima programu si kazi ya kutisha. Hospitali zetu kubwa zina picha za zamani za watu ambao matokeo yao ya makohozi yanajulikana. Zichukuliwe mia kadhaa, za wagonjwa na za wazima, wakiwemo waliopona kifua kikuu na wanaoishi na virusi vya UKIMWI, majina yaondolewe, kisha muuzaji aambiwe: tuonyeshe. Matokeo yatangazwe ili kaunti jirani isirudie gharama. Programu ikibadilishwa, ipimwe tena. Muuzaji atakayekataa mtihani huo ametujibu.

Nawe, msomaji, una haki zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa nyeti, na inasema usifanyiwe uamuzi mzito na mashine peke yake bila binadamu kuhusika, isipokuwa kwa masharti maalumu. Kwa hivyo ukipewa majibu ya picha, uliza bila kuona haya: picha hii imesomwa na nani? Kama ni kompyuta, ni daktari au afisa gani aliyeikubali? Ukiambiwa una dalili za kifua kikuu, usikubali kuanzishiwa dawa kabla ya kuuliza kuhusu kipimo cha makohozi. Ukiambiwa huna kitu nawe bado unakohoa, unakonda au unatokwa jasho usiku, rudi, na useme wazi kama uliwahi kuugua zamani au kama una virusi, kwa sababu kompyuta haikuulizi.

Na kama mgonjwa ni mtoto wa chini ya miaka 15, pendekezo lile la WHO la mwaka wa 2021 halikumhusu. Kifua kikuu cha mtoto huonekana tofauti katika picha, aghalabu kwenye tezi zilizo karibu na moyo, na mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi kwa urahisi. Picha yake isomwe na daktari, hata ikibidi itumwe mjini na mzazi angoje siku mbili.